Mukaguzi Mukubwa wa Bombo

Jumatatu, tarehe 9 Februari

Siku kubwa! Bénita ameongea na mimi! Si ile bonjour ya kupita njia. Maneno kamili, na kicheko ndani yake, na aliegemea meza ya butiki yangu bila haraka yoyote.

Ilikuwa hivi. Bénita ni fundi wa nguo hapa Mapendo, atelie yake iko kwenye kona, na kamba ya kupimia haitoki shingoni mwake. Alikuja kutafuta kibiriti juu makala, yale makaa ya pasi yake, yalizimika. Nikamupa kibiriti. Nikaongeza bombo moja, peremende ya karameli, zawadi. Akaiangalia kwa huzuni kubwa, akairudisha juu ya meza. Akasema yeye ni vegani.

Nilimupa pole. Nikamuuliza kama inauma.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akanieleza kwamba vegani ni mutu asiyekula kitu chochote kinachotoka kwa munyama. Nyama hapana, samaki hapana, yai hapana, maziwa hapana, asali nayo hapana. Nikamwambia nyuki atafurahi sana. Akacheka tena! Akasema alianza akiwa mutoto, siku baba yake alipouza ndama aliyemulea yeye mwenyewe kwa mikono. Na baba yake ni nani? Papa Habarurema wa Murara, ambaye ngombe zake ziko milimani Masisi na fromage yake, jibini, inaliwa Goma nzima! Mutoto wa nyumba ya maziwa, hanywi maziwa. Nilimupenda zaidi hapo hapo.

Akasema hakuna kitu kinachomukosesha raha, isipokuwa kimoja: bombo. Anapenda bombo kupita kiasi. Lakini alisikia kwamba nyingine zinatengenezwa na mifupa na ngozi ya ngombe, na rangi nyekundu ni wadudu waliosagwa, na ule mung'ao juu yake ni wadudu pia. Maandishi kwenye paketi ni madogo, na lugha zake ni za mbali. Kwa hiyo anaogopa zote. Anatamani mutu mumoja tu amwambie ukweli, hii kula, hii acha.

Mudomo wangu ukaenda wenyewe. Nikasema na mimi ni vegani. Tangu zamani. Na bombo ndiyo kazi yangu, nazijua zote kwa ndani.

Macho yake yakafunguka. Mungu wangu, yale macho!

Guylain aliona kila kitu. Guylain ndiye mwenye alimentasyo, duka la vyakula, ng'ambo ya barabara, yenye frigo na mulango wa kioo, na shati lake limepigwa pasi hata siku ya Jumatatu. Kila Bénita akipita, Guylain anapangusa kioo ambacho ni safi tayari. Leo alikipangusa mpaka nikakihurumia.

Yaya Kaswera, dada yangu mukubwa ambaye ninakaa kwake, alipika mbuzi. Nimekula vizuri. Uvegani unaanza kesho.

Jumanne, tarehe 10 Februari

Ukaguzi umeanza. Nimejiteua Mukaguzi Mukubwa wa Bombo wa Mapendo, na nikishamaliza hapa nitaongeza Katindo na Murara.

Nilimwaga bombo zote za butiki juu ya meza. Njia yangu ni rahisi na ya akili. Kwanza, picha. Bombo yenye picha ya ngombe kwenye karatasi: hapana. Karameli imeanguka mara moja. Bombo yenye picha ya nyuki: hapana. Bombo yenye picha ya ndimu: ndiyo.

Pili, nyekundu. Nilikata bombo nyekundu kwa wembe, nyembamba nyembamba, nikatafuta wadudu ndani yake chini ya jua. Sikuona muguu hata mumoja. Sikuona bawa. Nimeikubali.

Tatu, zile laini, zinazotetemeka, za umbo la dubu. Hizi ndizo zinauzwa kuliko zote, watoto wanazililia. Hapa nilifikiri sana. Picha yake ni dubu. Dubu ni munyama, kweli, lakini hapa kwetu hakuna dubu, na huko kwao nani ana nguvu ya kuchinja dubu kila siku kwa ajili ya bombo? Haiwezekani. Lakini juu ya Bénita sitaki kosa. Dubu nimemuweka pembeni kwa uchunguzi zaidi.

Muchana nilikula maharagi. Jioni maharagi. Yaya aliniuliza kama nina ugonjwa. Nikasema ni imani. Akaweka mukono kifuani, akasema Kwaresima bado wiki nzima, na ndugu yake ameshaanza! Alikuwa karibu kulia. Sikumusahihisha.

Baadaye mama wa sambaza akapita mbele ya mulango, sambaza zake ziko moto, zimekaangwa sasa hivi, chumvi na pilipili juu. Samaki zenyewe ni ndogo vile! Nimezila nyuma ya nyumba, nimeinama.

Jumatano, tarehe 11 Februari

Nimetengeneza alama! Nilikata karton ya kijani kwa duara, katikati nikaandika SAFI, chini yake MUKAGUZI MUKUBWA. Nimezibandika kwenye mitungi ya bombo zilizopita mtihani. Kabla ya saa sita kartie nzima, mutaa wote, ilikuwa mbele ya butiki. Mama Léonie ambaye ni Muadventista aliuliza kama hakuna nguruwe. Nikamwambia kwa sauti ya daktari kwamba hakuna nguruwe, hakuna ngombe, hakuna muguu wa sisimizi. Akanunua mufuko. Papa mumoja alisema bombo isiyo na munyama lazima iponye tumbo. Sikukubali wala sikukataa.

Bénita akaja. Nikamupa ya ndimu na ile nyekundu. Akafunga macho. Bombo ikagonga meno yake, nikaisikia kutoka upande wangu wa meza. Akasema aksanti Kamate. Jina langu, vile analisema yeye!

Saa nane nikaangalia ng'ambo. Guylain naye ameweka alama za kijani! Kubwa kuliko zangu! Zimechapwa na mashine! Ameandika kwamba bombo zake zimesomwa na telefone. Mwizi. Mukaguzi wa kweli anatumia macho na akili, hatumii telefone.

Nikakata alama mupya, kubwa kama sahani. Haikai kwenye mutungi, inafunika butiki. Sawa tu.

Alhamisi, tarehe 12 Februari

Leo mtihani wa dubu. Mtihani wa moto!

Mutu mumoja kwenye foleni ya maji aliwahi kusema kwamba kitu cha munyama kikiungua kinanuka nywele. Sayansi. Basi niliwasha mbabula, jiko letu la makala, nikakamata dubu wa kijani kwa koleo, nikainama karibu kabisa ili nisikose hata harufu kidogo. Dubu akavimba. Dubu akatoka mapovu. Halafu harufu ikapanda: nywele! Nywele zinaungua, wazi kabisa!

Moyo wangu ukaanguka. Dubu amekataliwa, nilisema. Bombo tamu kuliko zote, na Bénita hataila kamwe.

Halafu Yaya akapiga kelele kwamba nyusi zangu zinatoka moshi.

Nilikimbilia maji. Kioo kikaonyesha: nyusi ya kushoto haipo. Sijapata kufurahi hivyo maishani mwangu! Harufu ilikuwa yangu, haikuwa ya dubu! Yaya alifikiri nimechanganyikiwa, nilikuwa ninacheza ndani ya parseli, pale uani, na nyusi moja. Dubu ni safi! Nikamubandikia alama mbili.

Nilimupelekea Bénita paketi nzima kwenye atelie. Akaniuliza nina hakika. Nikasema nimeteketeza sehemu ya uso wangu kwa ajili ya hakika hiyo. Akamuweka dubu mwekundu mudomoni. Weee! Akaacha mashini ya kushona, akasimama, akapiga miguu chini kwa furaha. Akasema hajamula huyu tangu utoto wake. Akachukua wengine, akaweka paketi mufukoni mwa aproni, akasema leo mimi nimemurudishia kitu.

Nimetembea kurudi nyumbani juu ya mawe makali ya volkano na sikusikia hata jiwe moja.

Ijumaa, tarehe 13 Februari

Mambo mawili yamenikasirisha, na la tatu limeniangusha.

La kwanza. Jana Yaya alichemsha miguu ya ngombe kwa ajili ya supu. Usiku ulikuwa wa baridi, na leo asubuhi supu ilikuwa imeganda ndani ya sufuria. Nikaigusa na kijiko. Ikatetemeka. Nikaigusa tena. Ikatetemeka vilevile. Nilikuwa na hakika nimeona kitu kinachotetemeka hivyo mahali fulani, wiki hii hii, lakini akili haikunipa jibu. Iliniudhi asubuhi nzima.

La pili. Guylain alivuka barabara. Mara ya kwanza tangu tufungue! Akaja na telefone yake, akaniomba tuongee pembeni, kwa sauti ya chini. Akasema aliweka kamera juu ya paketi ya dubu, telefone ikasoma lugha ya kule, na imeandikwa wazi kwamba ndani kuna jelatini ya ngombe, ile ya mifupa na ngozi. Akasema hakumwambia mutu, amekuja kwangu kwanza, juu anajua nimemupa Bénita.

Nilicheka mbele yake. Wivu! Telefone yake inajua nini? Ilichoma nyusi? Nikamwambia ahangaikie frigo yake, maana courant ya umeme ikikatika anauza barafu iliyoyeyuka. Akatikisa kichwa, akarudi kwake taratibu.

La tatu. Bénita akapita saa kumi. Akasema baba yake anataka kumujua huyu kijana wa bombo. Nimealikwa Murara, Jumapili baada ya misa! Kwa baba! Niliruka juu, nikapiga kichwa kwenye bati la butiki.

Nikamwambia Yaya. Yaya akafurahi, halafu akaniuliza kama najua nitapewa nini. Kwenye nyumba ya wachungaji wa ngombe mugeni anapewa maziwa. Anayapokea kwa mikono miwili. Kuyakataa ni kuikataa nyumba, na kuyamwaga ni vibaya zaidi. Mukwe akirudisha kikombe, hana haja ya kukaa tena, achukue njia.

Nikikataa, baba ananifukuza. Nikinywa, Bénita anajua mimi ni muongo. Nimekaa juu ya kitanda na kichwa kinauma, ndani kwa ajili ya maziwa, nje kwa ajili ya bati.

Jumamosi, tarehe 14 Februari

Nimepata! Ninacheka peke yangu.

Sashe! Sashe kubwa ya plastiki, imefungwa kifuani chini ya koti, mudomo wake juu karibu na kidevu, na fulari ya Yaya, kitambaa chake cha shingo, inafunika yote. Ninapokea kikombe kwa mikono miwili. Ninainua. Baba akigeuka kidogo, maziwa yanaingia kwenye fulari, yanashuka kwenye sashe, kwisha. Baba ameona mutu anakunywa. Bénita nitamukonyeza jicho, atajua hakuna tone lililoingia mudomoni. Kila mutu anafurahi. Hata sashe.

Nimefanya mazoezi na maji ndani ya parseli. Mara ya kwanza yaliingia kwenye suruali. Mara ya pili yaliingia kwenye sikio, sijui kwa nini. Baadaye yote yaliingia vizuri. Mama Léonie aliniona kutoka juu ya ukuta wake, nikiinamia hewa na kusema aksanti sana Papa. Akafanya alama ya msalaba, na yeye ni Muadventista.

Koti ni lile Bénita alinishonea kabla ya Noeli. Alinipima mwenyewe, mabega, kifua, mikono. Siku ile nilizuia pumzi ili kifua kionekane kikubwa, akaniambia nipumue maana hashonei puto. Kesho ataniona ndani ya kazi ya mikono yake.

Jumapili, tarehe 15 Februari

Naandika haraka kabla Yaya hajaniuliza tena kwa nini ninanuka maziwa.

Nilifika Murara nimependeza. Fulari, koti, sashe ndani yake, paketi kubwa ya dubu mukononi. Papa Habarurema ni muzee murefu, kofia kichwani, fimbo magotini, na anaongea polepole. Alinipenda hapo hapo! Alisema ana furaha kuona kijana ambaye hakuja na bia. Mbabula ya chai ilikuwa inawaka karibu na mulango. Bénita alikuwa ndani anapanga vikombe.

Maziwa yakaja. Kikombe kikubwa mno. Mikono miwili, nikainua, muzee akageuka kuita jirani aje anione. Chuu! Yote ndani ya sashe. Muzee akarudi, akaona kikombe kitupu, akapiga goti lake kwa furaha. Akasema hajaona Munande, mutu wa kabila letu la Butembo, anayekunywa hivyo. Akajaza tena! Akageuka tena. Chuu! Sashe ikawa nzito. Akajaza tena. Safari hii hakugeuka. Alinitazama usoni na tabasamu. Basi nilikunywa. Na nisamehewe, yalikuwa matamu! Nilikunywa mpaka chini na nikalamba mudomo.

Nilipotoa uso kwenye kikombe, Bénita alikuwa amesimama mulangoni.

Aliangalia koti. Aliliangalia kwa muda murefu, mabega, kifua, chini ya kifua. Akauliza kwa upole kama nimenenepa tangu asubuhi. Nikasema ni furaha.

Akakaa. Akachukua paketi ya dubu niliyoleta, akamutoa mumoja, akamushika kwa vidole viwili. Akaniuliza mbele ya baba yake: Kamate, hapa ndani hakuna ngombe? Aliuliza polepole. Nikiwaza sasa, naona alikuwa ananifungulia mulango. Mimi nilidhani ananiomba nimusifie bombo. Nikasimama, nikainua mukono, nikaapa kwa jina la marehemu bibi yangu wa Butembo kwamba hakuna ngombe, hakukuwa na ngombe, na hakutakuwa na ngombe.

Akamuangusha dubu juu ya makala.

Moshi ukapanda. Papa Habarurema akanusa. Akauliza ni nani anachoma pembe za ndama ndani ya nyumba yake siku ya Jumapili.

Ndipo nikakumbuka ile supu. Supu! Inatetemeka! Dubu anatetemeka! Nilirukia mbabula ili nimutoe dubu kabla harufu haijaongezeka, nikainama kwa nguvu zote, na sashe ikapasuka.

Maziwa yalitoka chini ya koti, kwenye mikono ya koti, kwenye suruali, yakaingia kwenye viatu na yakafika kwenye miguu ya muzee. Makala yakazimika. Jirani aliyeitwa aje anione akafika wakati huo huo.

Papa Habarurema akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alisema katika maisha yake yote amenywesha watu, amenywesha ndama, amenywesha paka, lakini hajawahi kunywesha koti.

Bénita hakucheka. Alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia kwamba alijua tangu Ijumaa jioni. Dubu mumoja alianguka juu ya meza ya atelie, pasi ya makala ikamugusa, na harufu ile anaijua tangu utoto: ndiyo harufu ya milimani wakati wanachoma pembe za ndama zinapoanza kuota. Alikuwa amekula paketi karibu nzima. Alikula ngombe kwa furaha, anapiga miguu chini, juu mimi nilisema niko na hakika. Akasema alilia, si juu ya bombo.

Na maziwa? Akasema ningemuuliza swali moja tu ningejua. Yeye anaishi nyumba hiyo miaka yote. Kikombe kikija, anakipokea kwa mikono miwili, anakigusa na mudomo, anaombea ngombe baraka, anamupa anayefuata. Baba yake hajakasirika hata siku moja.

Niliona haya mpaka kwenye kisigino. Akasema nirudi Jumatano, baada ya misa ya majivu, na nimuletee kitu kimoja cha kweli. Kimoja. Nikikosa, nisirudi tena.

Jumatatu, tarehe 16 Februari

Nimetoa alama zote. Mama Léonie ameniuliza kama nguruwe amerudi. Nikamurudishia pesa yake na sikuweza kumutazama. Mbwa wa kartie wananifuata kwa ajili ya maziwa yaliyo kwenye viatu.

Ninamupenda Bénita. Naandika hivyo hivyo bila alama ya mushangao.

Jumanne, tarehe 17 Februari

Nilivuka barabara. Mimi! Nikamwambia Guylain nilikosea, telefone yake ilikuwa na haki, na maneno ya frigo nayarudisha. Nilingoja anicheke. Akanivutia kiti.

Kumbe Guylain si mubaya. Kumbe anaoa mwezi wa nne, mutu wa Beni! Na kioo anakipangusa juu mama mukwe wake alimwambia kina alama za vidole!

Tulisoma paketi pamoja muchana wote, kamera juu ya kila moja. Ile nyekundu niliyoikata kwa wembe: rangi ya wadudu. Mama yangu. Ile ya ndimu: inang'aa kwa nta ya nyuki. Karameli: maziwa, ile moja tu niliyopatia. Mwishoni tukafika kwa bombo ndogo nyeupe ya menti, ya bei ya chini kabisa, ambayo hakuna mutu anaitazama na mimi sikuikagua juu haina picha. Sukari. Glukozi. Mafuta ya menti. Basi. Guylain akasoma tena kwa lugha nyingine ili tuwe na uhakika. Akasema kiwanda kinasafisha sukari yake namna gani, telefone haijui, na mimi nimwambie Bénita hivyo hivyo.

Nilinunua mufuko mudogo kwake, ingawa na mimi ninaiuza. Ilikuwa haki.

Jumatano, tarehe 18 Februari

Furaha!

Kwanza, msiba mudogo. Usiku niliamua sitajifanya vegani tena, na leo asubuhi nitakula brosheti ya mbuzi, nyama ya kijiti, mbele ya watu wote, kwa heshima na ukweli. Nikaagiza. Nikafungua mudomo. Yaya akanishika mukono: Jumatano ya Majivu, nyama hapana! Nilikuwa huru siku moja, na siku yenyewe ndiyo hii.

Saa kumi nilikuwa Murara, majivu kwenye paji la uso, nyusi moja na nusu. Nilitoa kila kitu kwa pumzi moja. Kwamba mimi si vegani na sijawahi kuwa. Kwamba sambaza zilinishinda tangu Jumanne ya kwanza. Kwamba harufu nilidhani ni nyusi yangu. Kwamba kuhusu bombo sijui kitu, na hii ya menti imesomwa na Guylain, na habari ya sukari yake hatuijui. Na kwamba ninamupenda, hilo nalijua bila kuchoma chochote.

Bénita akachukua menti moja, akaiweka mudomoni. Ikagonga meno. Akasema haombi niache nyama. Anaomba tu kitu kikitoka mukononi mwangu aweze kukila bila kuogopa. Nikalia. Akanipangusa kwa pembe ya kitenge, majivu yakatoka yote, tukacheka sana. Nikamuuliza kama atakubali nimuoe. Akasema ndiyo! Ndiyo! Akaingia ndani kuleta chai, ya rangi, bila maziwa.

Papa Habarurema akavuta kiti chake karibu. Akasema amesikia yote kutoka dirishani na amefurahi. Sasa ni mambo ya mali, yaani mahari. Kwetu Wanande ni mbuzi, lakini nyumba yake ni ya ngombe, na Bénita ameshasema hakuna wa kuchinjwa, watakufa kwa uzee na atawapa majina yeye mwenyewe. Yeye muzee hataki kuchagua kwa niaba yangu. Tutapanda Masisi pamoja, na nitachagua mimi mbele ya wazee wote, na kule wanauza ngombe mugonjwa kwa mutu asiyejua. Akaniuliza kama ninajua ngombe.

Nilifikiri juu ya Bénita. Nilifikiri juu ya ukweli, na vile umenisaidia vizuri. Lakini ukweli wa leo nilikuwa nimeshautumia wote.

Mudomo ukaenda wenyewe. Nikasema: tangu utoto, Papa. Butembo wananiita kutoka mbali kuja kukagua.

Muzee akafurahi kupita kiasi! Akanipiga bega. Akasema basi atawaambia na majirani, kila mutu alete ngombe wake, niwakague wote.

Baba yangu aliuza maharagi. Ngombe wa karibu zaidi niliyewahi kumugusa ni ile supu ya Yaya. Lakini inaweza kuwa ngumu vipi? Njia ninayo tayari. Ninang'oa unywele mumoja wa mukia, ninauchoma, ninanusa.

Nimeweka kibiriti kipya mufukoni. Safari hii nyusi nitazilowanisha kwanza.